Wiki ya Kucha

Mama Zamu alikuwa amekula chumvi nyingi kuliko karibu wazee wote aliokuwa akiwahudumia, lakini ole wake ambaye angethubutu kumwambia. Kwake yeye wazee walikuwa watu wengine kabisa, viumbe wa kuhurumiwa na kukaripiwa, na yeye alikuwa upande wa pili, upande wa wenye kubeba beseni. Alimwita "babu" mtu yeyote mwenye mvi na fimbo. Hata yule dereva wa malori mstaafu, aliyezaliwa Mama Zamu akiwa tayari anatumwa dukani, naye aliitwa babu. Dereva, kwa upande wake, alimwita "dada", na kila alipotamka neno hilo Mama Zamu alikunja uso kana kwamba ametukanwa.

Jina la Mama Zamu alilipata wodini. Kabla ya kustaafu alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume katika hospitali kubwa ya mji, na kazi ya kupanga zamu ilikuwa mikononi mwake. Muuguzi aliyemjibu vibaya alijikuta kwenye zamu ya usiku mpaka adabu imrudi. Akastaafu. Mumewe akafa, akamwachia nyumba nzuri na kimya kikubwa. Mwanawe wa pekee akahamia mbali, akawa anapiga simu Jumapili kuuliza, "Mama, hujambo?" na kuaga kabla mama hajafika kwenye habari za magoti yanayomuuma. Mwingine angefuga kuku. Mama Zamu akaamua kufuga wazee.

Ndivyo ulivyozaliwa Umoja wa Kuwaenzi Wazee, na yeye akawa mwenyekiti kwa sababu hakuna aliyediriki kugombea naye. Kazi ilikuwa njema, tusimwonee. Mtaani walikuwamo watu ambao watoto wao wamewasahau, watu wasioweza kuinama kufikia miguu yao wenyewe, na Umoja uliwafikia nyumba kwa nyumba kila Alhamisi. Tatizo lilikuwa utaratibu. Mama Zamu aliupanga kama alivyopanga wodi: kulikuwa na wiki ya kucha, wiki ya nywele, wiki ya mashuka na wiki ya dawa, kisha mnaanza upya. Mzee akiumwa jino wiki ya mashuka, alibadilishiwa mashuka. Akilalamika, aliambiwa asubiri, ingawa wiki ya meno haikuwepo.

Wanachama walivaa fulana za kijani zenye maandishi mgongoni, NATOA KWA UPENDO. Wazee, ambao kwenye vikao waliitwa "walengwa", walishonewa fulana za njano zenye maandishi NAPOKEA KWA UPENDO. Hizo walitakiwa kuzivaa siku za picha, na siku za picha zilikuwa nyingi. Makamu mwenyekiti, mwanamke mwenye saluni na simu nzuri, ndiye alikuwa mpiga picha. Angeweza kumwinua mgonjwa kitandani mara tatu mpaka mwanga ukae vizuri.

Siri ya Mama Zamu ilikuwa macho. Alikuwa haoni, au tuseme alikuwa anaona dunia kama mtu aliyeko nyuma ya pazia la bafuni. Alijua vizuri ugonjwa wenyewe, mtoto wa jicho, kwa maana alikuwa ameshawapeleka watu wengi upasuaji akiwashika mkono na kuwaambia si kitu, ni jambo la muda mfupi tu. Yeye mwenyewe alikiogopa kisu cha daktari. Lakini zaidi ya kisu aliogopa jambo jingine: kwamba siku watakayojua, watamvua fulana ya kijani na kumvika ya njano. Hilo lilimnyima usingizi.

Basi akaishi kwa ujanja. Alisalimia kwa sauti kubwa kabla ya kusalimiwa, ili mtu ajibu na sauti imtambulishe. Nyumba za wazee alizijua kwa miguu, ngazi iliyopasuka kwa huyu, mlango unaolia kwa yule. Kwenye kikao alimpa katibu karatasi yoyote iliyotakiwa kusomwa, eti kijana ajizoeze kusoma mbele ya watu, na katibu mwenyewe alikuwa mwalimu mwenye wajukuu. Akijigonga kwenye meza aliwalaumu watengenezaji wa balbu. Balbu za siku hizi, alisema, ni wizi mtupu.

Mambo yalimharibikia Alhamisi moja ya wiki ya kucha, nyumbani kwa Dereva.

Dereva alipanga chumba kimoja na sebule nyuma ya nyumba ya fundi redio. Ndani mlikuwa na kiti kimoja cha maana, cha mbao, chenye mto, kilichotazama mlango, na hapo ndipo alipokaa siku zote akisubiri beseni kwa uso wa mtu anayesubiri hukumu. Siku hiyo Umoja ulikuwa umemwalika mfadhili wake mkubwa, mwenye duka la magodoro, aje ajionee matunda ya ukarimu wake. Miezi kadhaa nyuma alikuwa ametoa magodoro kwa walengwa wote. Yalikuwa magodoro ambayo dukani yalikuwa hayana mnunuzi, lakini alitoa.

Mfadhili akafika mapema. Dereva, ambaye mgeni alimkuta akiwa kifua wazi, akamkaribisha kwenye kile kiti chema na kukimbilia chumbani kuoga na kutafuta fulana yake ya njano. Mgeni akaketi. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mvi chache, na ameshika kofia yake mapajani.

Mama Zamu akaingia na beseni.

"Babu, tumeamkaje?" aliuliza, na bila kungoja jibu akapiga magoti, akamshika mguu.

"Mama, samahani, mimi si..."

"Kimya. Kila wiki ya kucha una hadithi mpya. Mara mguu umekufa ganzi, mara nimekukata juzi." Akavuta kiatu. "He! Leo tumevaa soksi! Nani amekupa soksi nzuri hivi? Umeziiba?"

"Ni zangu," alisema mfadhili.

"Zako, zako. Tia mguu humu. Na maji si ya moto, usinianze."

Maji yalikuwa ya moto. Mfadhili alifumba macho. Huenda alidhani ndio utaratibu wa kupokea wageni, huenda hakuwa amekaripiwa hivyo tangu mama yake afariki; kwa vyovyote alitulia. Mama Zamu akatoa mkasi, akatafuta kucha kwa kidole gumba na kuanza kazi, huku akimpa maelekezo ya siku.

"Sasa nisikilize. Leo anakuja yule muuza magodoro. Akiingia, tabasamu. Akikuuliza unalalaje, mwambie unalala kama mtoto. Usimwambie godoro limebonyea katikati kama sufuria. Limebonyea, najua, na yeye anajua limebonyea, ndiyo maana alilitoa. Lakini mtu akikupa kitu unashukuru. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema mfadhili kwa sauti ndogo. Kisha akasema, "Aaah!"

"Haiumi."

"Umenikata nyama, mama."

"Haiumi, babu. Ni hofu yako tu."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka na Makamu akaingia na simu yake mbele, katibu nyuma yake amekunja bango chini ya kwapa. Na kutoka chumbani, kwa wakati huohuo, Dereva akatokea amevaa fulana ya njano, nywele zinachuruzika maji. Akamwona Mama Zamu amepiga magoti mbele ya mgeni rasmi, mguu wa mgeni rasmi uko kwenye beseni, na maji yanaanza kuwa mekundu kidogo.

"Dada," alisema Dereva, "mimi niko huku."

Mama Zamu akageuza kichwa kuelekea ile sauti. Kisha akarudisha kichwa kwa yule aliyemshika mguu.  Alibaki vilevile, amepiga magoti na mkasi mkononi.

Mfadhili hakufoka, na afadhali angefoka. Alijifuta mguu, akavaa soksi yake, akasaidiwa kusimama. "Mikono yake mizuri," aliwaambia Makamu na katibu, kana kwamba Mama Zamu hayupo. "Lakini huyu bibi haoni." Akachechemea kwenda zake, picha haikupigwa, na bango lilirudi lilikotoka bila kukunjuliwa.

Kikao kikaitishwa haraka sebuleni kwa katibu. Kila mtu alikunywa chai na kula andazi la pili kabla ya ajenda, maana jambo zito halizungumzwi kwa tumbo tupu. Kisha wakaanza kumsifu. Makamu alisema mwenyekiti ni nguzo. Katibu akasema mwenyekiti ni taa ya mtaa. Mweka hazina, ambaye kwa kawaida hafungui mdomo ila kutafuna, alisema mwenyekiti atakumbukwa. Mama Zamu alikaa wima akisikiliza. Watu wakikusifu mbele yako bila kukuomba kitu, ujue wameshaamua.

"Kwa hiyo," alimalizia Makamu, "tumeona Mwenyekiti apumzike. Awe Mwenyekiti wa Heshima. Na sisi, kwa upendo, tumwingize katika huduma."

"Huduma gani?" aliuliza Mama Zamu.

"Huduma zetu."

"Mimi ndiye nilizianzisha hizo huduma!"

"Ndiyo maana tunataka na wewe uzifaidi, bibi."

Bibi. Asubuhi ile ile Makamu alikuwa akimwita Mwenyekiti. Mama Zamu akataka kumpangia mtu zamu ya usiku, lakini zamu hazikuwa zake tena. Akapewa fulana ya njano, kubwa mno, wakasema ndiyo iliyobaki.

Alhamisi iliyofuata wakamfuata nyumbani. Alikuwa amejiandaa. Usiku kucha alikuwa amejishauri, akapiga moyo konde, akakata kauli: siri imeshamwagika, basi angalau apate faida yake. Atawaomba wampeleke hospitali akapasuliwe macho. Hospitali hairuhusu mtu kwenda upasuaji wa macho bila msindikizaji, na mwanawe yuko mbali. Ombi lilikuwa moja, la kueleweka. Na angepona, angeona. Na akiona, nani atamvua tena fulana ya kijani?

"Bibi, tumeamkaje?" alisema Makamu kwa sauti ya juu, ile ya kusemea viziwi.

"Wewe sijui. Mimi nimeamka na shida moja. Nataka kwenda hospitali ya macho."

"Vizuri sana. Tuanze na mguu wa kulia."

"Umenisikia? Macho."

"Bibi, leo ni kucha. Juzi tuliharibiwa mambo, tunarudia." Makamu alicheka kwa upole. "Unajua mwenyewe, utaratibu ni wako."

Katibu, wakati huo, alikuwa anazunguka nyumba kwa usalama wa mlengwa. Akakiondoa kisu jikoni, akakiweka juu ya kabati ambako Mama Zamu asingekifikia. Akachomoa birika la umeme. Akasogeza mpaka ukutani kiti alichokizoea Mama Zamu, ili asijikwae, na kwa kufanya hivyo akaweka meza mahali ambapo lazima ajikwae. Kisha akazima redio katikati ya habari, kwani bibi anahitaji utulivu.

"Wiki ya dawa basi," alisema Mama Zamu akijikaza. "Wiki ya dawa mnipeleke."

"Wiki ya dawa ni kupanga vidonge kwenye kikopo."

"Sina vidonge! Nina macho!"

Makamu akakata. Mama Zamu akaruka.

"Unanikata nyama!"

"Haiumi, bibi."

Na iliuma. Iliuma vibaya sana, ikapanda mpaka gotini, na kilichouma zaidi ni kwamba hakuna hata mmoja chumbani aliyeamini kuwa inauma. Wakamvika fulana ya njano juu ya gauni. Wakampiga picha akiwa amefumba macho, wakampiga nyingine akiwa amekunja ndita, wakamwambia atabasamu. Mlangoni, wakitoka, akamsikia Makamu akimnong'oneza katibu kwa ule mnong'ono unaofika hadi barabarani: "Maskini, ameanza kuchanganyikiwa. Hospitali, hospitali, kila saa."

Mama Zamu alikaa kwenye kiti kilichosogezwa ukutani akalia. Alilia kwa hasira, halafu hasira ikaisha akawa analia tu. Neno lile alilijua. Alikuwa amelisema yeye mwenyewe, mara nyingi, milangoni mwa watu, kwa sauti ile ile, na kila mara alidhani ananong'ona.

Jioni ya siku hiyo Dereva alikuja na fimbo yake. Hakuja kwa upendo wa maandishi, alikuja kwa sababu fundi redio alimwambia kuna kelele zilisikika kwa Mama Zamu.

"Nani huyo?" aliuliza Mama Zamu, maana hakukuwa na haja ya ujanja tena.

"Mimi, dada."

Akamwacha aketi.  Kisha Mama Zamu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu alichokwisha kukivunja: "Nilikuwa nakukata nyama?"

"Kila wiki ya kucha."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema!" Dereva akacheka mpaka akakohoa. "Nilisema, nikapiga kelele, nikakuita mama mzazi. Ukanijibu haiumi. Kuna siku nililala kitandani nikajifanya mgonjwa ili uniache, ukanikata nikiwa nimelala."

"Nakumbuka. Nilidhani umetulia."

"Nilikuwa nimezimia kidogo."

Mama Zamu akacheka, akaona aibu, akacheka tena, na machozi yakamtoka upya. "Nisamehe," alisema. Halikuwa neno alilolizoea, likamtoka kama mfupa wa samaki.

"Yameisha hayo," alisema Dereva. "Kesho nitakusindikiza. Mimi macho ninayo, miguu ndiyo sina. Wewe miguu unayo. Tukijumlisha tunapata mtu mmoja mzima."

Asubuhi wakatoka kama wezi. Mama Zamu alimshika Dereva mkono ili amwonyeshe njia, na Dereva alimwegemea Mama Zamu ili asianguke. Hakuna aliyejua nani anamwongoza nani. Pembeni mwa barabara wakakutana na Makamu akifungua saluni.

"Jamani! Mnakwenda wapi nyie wawili? Nani yuko na nyie?"

"Tuko wenyewe," alisema Dereva.

"Peke yenu? Hapana, hapana, rudini nyumbani, Alhamisi tutakuja tuzungumze vizuri. Babu, mbona unamzungusha bibi wa watu juani?"

"Tunakwenda kununua soksi," alisema Dereva, na hawakusimama.

Hospitalini walikaa kwenye benchi refu, kati ya watu wenye macho yaliyofungwa pamba na ndugu zao. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ilimpanda Mama Zamu puani, harufu ya maisha yake yote ya kazi, na hapo ujasiri wote ukamkimbia. Aliwahi kukaa upande wa pili, kwenye meza ya mapokezi, akiita majina na kuwaambia watu waache woga. Sasa alijisogeza ukingoni mwa benchi, tayari kuondoka.

"Kwa kweli macho yangu si mabaya kiasi hicho," alimwambia Dereva. "Leo nimeliona basi."

"Basi kila mtu analiona, dada. Hata lisilokuwepo."

"Tuje wiki ijayo."

"Wiki ijayo ni ya nywele," alisema Dereva. "Kaa."

Wakaitwa. Wakaingia katika chumba kidogo chenye meza, viti na bango la herufi ukutani, ambalo kwa Mama Zamu lilikuwa karatasi nyeupe tupu. Muuguzi alikuwa binti wa umri wa kuweza kuwa mjukuu wake, mchangamfu, mwenye haraka. Alimtazama bibi mmoja aliyejikunyata na mzee mmoja mwenye fimbo, akachagua wa kuzungumza naye kama wauguzi wanavyochagua, na kama Mama Zamu mwenyewe alivyokuwa akichagua siku zote. Akamgeukia Dereva.

"Babu, huyu bibi ana tatizo gani? Ameanza lini kutoona? Anatumia dawa yoyote?"

Mama Zamu aliinamisha kichwa na kusubiri. Ilikuwa zamu ya Dereva sasa, na alikuwa na haki ya kujibu lolote. Angeweza kusema bibi huyu amechanganyikiwa. Angeweza kusema usimsikilize akilia, haiumi. Alikuwa na kisasi cha miaka cha kulipa na leo alikuwa amepata nafasi, na Mama Zamu alijua kwamba kama ni yeye, asingeiacha ipite.

Dereva aliegemeza fimbo yake ukutani.

"Muulize mwenyewe, mwanangu," alisema. "Si yupo hapa?"

 Muuguzi akamgeukia Mama Zamu, akashusha sauti yake ya kusemea viziwi, akasema kama mtu anayezungumza na mtu: "Samahani, mama. Unaumwa nini?"

Mama Zamu alifungua mdomo. Katika maisha yake yote ya kuuliza swali lile hakuwahi kufikiria kwamba ni gumu hivyo kulijibu. Akatafuta mkono wa Dereva, akaupata.

"Sioni," alisema. "Na naogopa."

Muuguzi akavuta kiti chake karibu, akamuuliza ni jicho lipi lililotangulia kufifia.